Kamba ya Shimoni na Kamba ya Bembea

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio

Kwa mwalimu wa darasa: Kabla ya kipindi kuanza, andika ubaoni maneno haya manne: mgeni, uangalifu, uzembe, fidia. Wanafunzi wayasome kwa sauti. Baada ya kipindi someni ukurasa huu polepole, kisha mjibu maswali yaliyo mwisho.

Leo tutazungumza hasa na madarasa ya Chunya, lakini ndugu zetu wa Mbeya, Iringa na kwingineko nao wasikilize, kwa sababu jambo lenyewe ni la watu wote.

Katika Chunya hakuna mtu mzima asiyejua hatari ya shimo. Dhahabu ya Lupa ilianza kuchimbwa katika miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 watu walifika huko kwa maelfu. Wengine waliosha mchanga wa mitoni, wengine walifuata mwamba chini ya ardhi. Mgodi wa Saza, ambao siku hizi umo katika Wilaya ya Songwe, ulifanya kazi mpaka mwaka 1956. Uchimbaji umeendelea mpaka leo, na mchimbaji mwenye akili hateremki shimoni, au katika duara kama wasemavyo wachimbaji, kabla hajaitazama kamba. Huuliza: Kamba hii ina umri gani? Winchi imefungwa na nani? Nani anashika breki?

Sasa mfikirini mtu huyo huyo siku ya mapumziko. Amevaa nguo safi. Amewachukua watoto kwenda Mbeya kutazama maonyesho ya Nane Nane katika viwanja vya John Mwakangale. Penye watu wengi hapakosi michezo ya watoto, na akikuta bembea inayozungushwa kwa mashine, mtoto atamvuta mkono apande. Baba atatoa pesa na kupewa tiketi. Je, ataitazama kamba ya bembea? Atauliza nani anashika breki? Watu wengi hawaulizi. Akiwa kazini mtu hukumbuka hatari, lakini akiwa mchezoni huisahau.

Historia inatuonyesha kwamba sheria nayo ilifanya vivyo hivyo. Ilianza kumwangalia mtu aliye kazini, ikachelewa kumwangalia mtu aliyekuja kustarehe. Somo letu la leo ni habari ya jinsi mgeni huyu alivyopata haki yake, na jinsi anavyoweza kuidai.

SHERIA ILIMWONA MFANYAKAZI KWANZA

Tuanze nyumbani. Mwaka 1948 Serikali ya Tanganyika ilitunga sheria ya kuwalipa fidia wafanyakazi walioumia kazini. Mwaka 1950 ikatungwa sheria nyingine juu ya usalama katika viwanda. Sheria ile ya fidia ilikuwa na jambo moja kubwa: mfanyakazi hakulazimika kuonyesha kwamba tajiri wake alikuwa na kosa. Ilitosha kuonyesha kwamba ameumia kwa ajali iliyotokana na kazi yake. Msingi huo umeendelea katika Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, iliyoanzisha mfuko wa kulipia fidia hizo.

Mgeni yu katika hali nyingine. Mgeni ni mtu aliyeingia mahali kwa haki, labda kwa kulipa kiingilio, lakini hakuajiriwa pale. Mtu huyu akiumia, hana mfuko unaomngojea. Hana budi kuonyesha kwamba mwenye mahali hakuwa mwangalifu, yaani alifanya uzembe. Haki anayo, lakini ni haki ya kuthibitishwa.

Haki hiyo ilitoka wapi? Wasikilizaji wa Chunya watapendezwa kusikia kwamba ilitoka shimoni.

SHIMO LA KIWANDA CHA SUKARI

Katika mji wa London, Uingereza, palikuwa na kiwanda cha kusafishia sukari. Katika sakafu zake palikuwa na tundu kubwa la kupandishia na kuteremshia sukari kutoka ghorofa moja mpaka nyingine. Tundu hilo halikuwa na uzio. Siku moja alifika fundi wa mabomba ya gesi kukipima kifaa kilichokuwa kimetiwa humo. Fundi huyu hakuwa mtu wa kiwanda, bali alitumwa na bwana wake mwingine. Hakuijua nyumba ile. Alipokuwa akifanya kazi yake katika ghorofa ya juu, akaanguka ndani ya tundu, akaumia vibaya.

Mwenye kiwanda alijitetea. Alisema kwamba tundu lile lilikuwa la lazima kwa kazi yake, na viwanda vingine vilikuwa nayo vilevile. Kesi hiyo iliitwa Indermaur na Dames, nayo iliamuliwa mwaka 1866. Jaji Willes alitoa kanuni ambayo imeendelea kukumbukwa na wanasheria. Maana yake ni hii: mtu aliyekuja mahali pako kwa shughuli inayokuhusu ana haki ya kutazamia kwamba utachukua uangalifu unaofaa kumkinga na hatari isiyo ya kawaida unayoijua, au uliyopaswa kuijua. Naye mgeni lazima ajiangalie mwenyewe kwa kadiri ya mtu mwenye busara.

Yatazameni maneno yale, “uliyopaswa kuijua.” Haitoshi mwenye mahali kusema, “Sikujua kwamba kamba imechakaa.” Ataulizwa, “Kwa nini hukujua? Uliikagua lini?” Hapo ndipo penye nguvu ya kanuni hii.

Watu wa Tanganyika waliipataje kanuni ya London? Baada ya Vita Kuu ya Kwanza nchi iliwekwa chini ya utawala wa Waingereza. Mwaka 1920 iliamriwa kwamba sheria ya Uingereza iliyotokana na hukumu za majaji, kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai mwaka ule, itumike na mahakama za Tanganyika kwa kadiri hali ya nchi na ya wenyeji itakavyoruhusu. Kanuni ya mwaka 1866 ilikuwa miongoni mwa sheria hizo. Baada ya Uhuru, Tanzania iliuhifadhi msingi huo katika sheria zake. Kwa hiyo, mtu wa Makongolosi au Matundasi anapodai haki kwa sababu ameumia katika uwanja wa starehe, haombi hisani ya mtu yeyote.

STAREHE YA MASHINE

Sasa tuitazame michezo yenyewe. Watu wamebembea kwa kamba na matawi tangu zamani. Lakini kumpandisha mtu kwenye mashine kubwa kwa ajili ya furaha tu ni jambo la juzi juzi.

Mwaka 1884, katika pwani ya Coney Island karibu na mji wa New York, Marekani, Bwana Thompson alijenga reli ya kuchezea. Watu walikaa katika vigari, vikateremka kilima kimoja na kupanda kingine kwa nguvu ya uzito wake. Mwaka 1893, katika maonyesho makubwa ya Chicago, fundi jina lake Ferris alisimamisha gurudumu la chuma lenye urefu wa karibu mita 80 kwenda juu. Lilikuwa na vyumba 36 vya kukalia, na liliweza kupandisha watu zaidi ya 2,000 kwa mara moja. Magurudumu na reli za namna hiyo zikaenea katika nchi nyingi.

Biashara hii ina jambo moja la ajabu. Katika gari moshi abiria hulipa ili afike salama bila kutikiswa. Katika mchezo huu hulipa ili atikiswe na kuogopa kidogo. Basi likazuka swali gumu. Ikiwa mtu amenunua hofu kwa pesa zake, akiumia atamlaumu nani?

Mahakama ya New York ilijibu swali hilo mwaka 1929. Kijana mmoja alipanda mchezo wa Coney Island uliokuwa na mkanda unaotembea kwenda juu. Kazi ya mkanda ule ilikuwa kuwaangusha watu ili watazamaji wacheke. Kijana akaanguka, akavunjika mfupa wa goti, akashtaki. Jaji Cardozo alimkatalia. Alisema kwamba kijana aliona wengine wakianguka mbele yake, akajua mchezo ni wa namna gani, naye akaingia kwa hiari. Hatari iliyo wazi, ambayo mtu ameiona na kuikubali, si kosa la mwenye mchezo.

Hukumu hiyo ilikuwa ya Marekani, lakini funzo lake linakubaliwa hata katika sheria tuliyoipokea sisi. Sheria haimlipi kila anayeanguka. Lakini wala haisemi kwamba mtu akinunua tiketi amekubali kila kitu. Mtoto anayepanda bembea amekubali kizunguzungu. Hakukubali msumari uliolegea wala kamba iliyooza, kwa sababu hizo ni hatari asizoweza kuziona. Aliyepaswa kuziona ni mwenye bembea.

Labda mtu atauliza, “Lakini tiketi niliinunua mimi baba, si mtoto. Mtoto hana mapatano yoyote na mwenye bembea.” Swali hilo nalo lilijibiwa. Mwaka 1928, katika mji wa Paisley, Uskoti, mwanamke mmoja alinunuliwa kinywaji na rafiki yake. Ndani ya chupa, alisema, mlikuwa na konokono aliyeoza, naye akaugua. Yeye hakununua chupa ile, kwa hiyo hakuwa na mapatano na muuzaji wala na mtengenezaji. Hata hivyo, mwaka 1932 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilisema kwamba anaweza kumdai mtengenezaji. Jaji Atkin alieleza kwamba mtu ana wajibu wa kumwangalia jirani yake, na jirani katika sheria ni kila mtu unayepaswa kufikiri kwamba kitendo chako kinaweza kumdhuru. Kanuni hiyo imefuatwa na mahakama za nchi nyingi, pamoja na zetu za Afrika Mashariki. Kwa mwenye bembea, kila mtoto anayemfungia mkanda ni jirani yake, tiketi iwe imenunuliwa na nani.

KAMBA ILIYOACHIA

Kanuni nzuri za mahakama zina upungufu mmoja. Huja baada ya mtu kuumia. Mahakama huweza kuamuru fidia, lakini haiwezi kurudisha mguu uliokatika. Kwa hiyo panahitajika mkaguzi anayekuja kabla ya msiba. Mara nyingi mkaguzi huyo amepatikana baada ya watu kulia.

Katika bustani ya Battersea, London, palikuwa na reli ya kuchezea iliyojengwa mwaka 1951. Vigari vilivutwa mpaka juu kwa kamba ya chuma, kisha vikaachwa viteremke. Tarehe 30 Mei 1972 vigari vilivyojaa watoto viliachana na kamba ile vikiwa katika mwinuko. Palikuwa na kifaa cha kuzuia visirudi nyuma. Kifaa hicho nacho hakikuzuia. Vigari vikarudi kinyumenyume kwa kasi, vikagonga. Watoto 5 walikufa, na wengine wengi wakaumia. Bustani ile ya michezo ilifungwa miaka miwili baadaye.

Mwaka 1974 Uingereza ilitunga sheria mpya juu ya afya na usalama kazini. Sheria hiyo haikumtazama mfanyakazi peke yake. Ilisema kwamba mwenye shughuli ana wajibu pia kwa watu wasio wafanyakazi wake, ikiwa shughuli yake inaweza kuwadhuru. Hivyo wakaguzi wa Serikali walipata nguvu ya kuitazama mashine ya mchezo kama wanavyoitazama mashine ya kiwanda.

Je, ajali zilikwisha? Hapana. Tarehe 2 Juni 2015, katika bustani ya Alton Towers, Uingereza, vigari vilivyobeba watu viligonga kigari kitupu kilichosimama juu ya reli. Watu 16 waliumia, na wasichana wawili walikatwa mguu mmoja mmoja. Mashine yenyewe ilikuwa imejizuia kwa sababu iliona kizuizi mbele. Watumishi walidhani mashine imekosea, wakaiamuru iendelee. Mwaka 2016 kampuni yenye bustani ile ilitozwa faini ya pauni milioni 5. Mahakama haikuishia kuwalaumu watumishi waliobonyeza kidude. Iliilaumu kampuni kwa kutoweka utaratibu mzuri wa kazi. Kumbukeni jambo hilo siku mtakaposikia tajiri akisema, “Kosa ni la kijana aliyeshika breki.” Ataulizwa, “Kijana huyo alifundishwa na nani?”

MSIBA WA TABORA

Ndugu wasikilizaji, msidhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya na Marekani tu, kwa sababu huko ndiko kwenye mashine kubwa. Hatari ya mahali pa starehe si mashine peke yake. Hata mlango mwembamba unaua.

Tarehe 1 Oktoba 2008 ilikuwa siku ya Idi. Katika mji wa Tabora watoto wengi walikwenda katika ukumbi kucheza dansi, kama ilivyokuwa desturi ya sikukuu. Walikuwa wengi kuliko nafasi iliyokuwapo. Katika msongamano ule na kukosa hewa, watoto wapatao 20 walikufa. Walitoka nyumbani wakiwa wamevaa nguo za sikukuu. Baada ya msiba huo, polisi katika mikoa mbalimbali wamekuwa wakitangaza, sikukuu zinapokaribia, kwamba disko za watoto ni marufuku.

Na katika mji wa Kampala, Uganda, usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2023, watu walikusanyika katika jengo la Freedom City kuukaribisha mwaka mpya. Walipotoka kutazama fataki walibanana katika njia nyembamba. Watu wasiopungua 9 walikufa, na baadhi yao walikuwa watoto.

Misiba kama hii ikitokea, husemwa neno tulilolizoea: “Ajali haina kinga.” Neno hilo hutufariji matangani, lakini tukilipeleka mbele ya historia tunaona kwamba halikamiliki. Radi haina kinga kubwa. Lakini ukumbi wa watu 200 ukitiwa watu 400, hiyo si radi. Kinga yake ilikuwapo: mtu mmoja mlangoni mwenye kuhesabu na kusema basi. Aliyepaswa kumweka mtu huyo mlangoni akaacha, amefanya uzembe.

SHERIA YA TANZANIA INASEMAJE?

Sasa tuzitazame sheria zinazotuhusu sisi.

Ya kwanza ni Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, iliyochukua mahali pa ile ya viwanda ya mwaka 1950. Sheria hii haikuandikwa kwa ajili ya bembea peke yake. Lakini inawalinda wafanyakazi, na vilevile watu wengine wanaoweza kudhurika kwa shughuli zinazofanywa mahali pa kazi. Uwanja wa michezo ni mahali pa kazi kwa yule anayekata tiketi na yule anayeshika breki. Wakaguzi wake ni wa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ambao watu huuita OSHA.

Ya pili ni Kanuni ya Adhabu. Kifungu cha 233 kinamtia hatiani mtu anayefanya mambo kwa haraka au kwa uzembe hata akahatarisha maisha ya mtu mwingine au kuelekea kumdhuru. Kinamtaja pia mtu mwenye mashine mikononi mwake asiyechukua hadhari juu ya hatari yake. Hii ni kesi ya jinai. Hupelelezwa na polisi, na mkosaji hupewa adhabu.

Ya tatu ni haki ya kudai fidia, tuliyoiona ikianza katika shimo la kiwanda cha sukari. Hii ni kesi ya madai. Hufunguliwa na aliyeumia mwenyewe, au na mzazi kwa ajili ya mtoto. Mtu akifa, wale aliokuwa akiwatunza wanaweza kudai, kwa sheria iliyotungwa kwanza mwaka 1955. Kesi ya jinai na kesi ya madai ni njia mbili mbalimbali. Mwenye bembea akitozwa faini na Serikali, pesa hizo si fidia yako.

Ya nne ni Sheria ya Ukomo wa Muda ya mwaka 1971. Inasema kwamba madai ya namna hii yafunguliwe katika muda wa miaka 3. Watu wengi hukaa wakingoja ahadi. Tajiri huleta sukari na mchele hospitalini, husema, “Tutaelewana.” Mwaka wa kwanza unapita, wa pili unapita. Ukipita wa tatu, haki yako inaweza kupotea, hata kama kosa lilikuwa lake kabisa. Jambo hili pekee linatosha kuwa sababu ya mtu mzima kujifunza kusoma tarehe.

UFANYE NINI UKIUMIA?

Kwanza, mtibiwe. Uhai ni mbele ya kesi. Toeni habari polisi, mpate fomu ya polisi namba 3, iitwayo PF3, na mwipeleke hospitali. Hospitalini ombeni maandishi yanayoeleza jeraha na matibabu, na kila risiti ya dawa iwekwe.

Pili, itunze tiketi. Karatasi ile ndogo inaonyesha kwamba uliingia kwa haki, mahali gani, na mara nyingi siku gani. Kama mahali pale hapatoi tiketi, andika katika daftari saa uliyoingia na kiasi ulichotoa.

Tatu, andika majina ya watu walioona. Mashahidi wa sikukuu hutawanyika jioni ile ile. Mmoja hurudi Iringa, mmoja Sumbawanga. Mwenye simu na apige picha ya mahali pale kabla kamba haijabadilishwa na msumari haujakazwa.

Nne, toa habari kwa maandishi kwa mwenye mahali na kwa ofisi ya Halmashauri, na kama ni mashine, kwa wakaguzi wa OSHA. Barua yako inaweza kumwokoa mtoto mwingine, hata kama wewe hutapata senti.

Tano, tafuta msaada wa sheria mapema. Madai ya uzembe hayaanzii katika mahakama ya mwanzo, kwa kawaida huanzia mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua watoaji wa msaada huo na wasaidizi wa kisheria. Uliza katika ofisi ya Ustawi wa Jamii ya wilaya yako.

Mkipenda kupatana bila kesi, si vibaya. Mapatano ni njia njema na ya haraka. Lakini yaandikwe, yasomwe kwa sauti mbele ya watu wenu, na msitie sahihi wala dole gumba katika karatasi msiyoielewa. Tazameni hasa maneno yasemayo kwamba hamtadai tena, kwa maana mtoto aliyevunjika leo huenda akahitaji matibabu miaka mingi.

Vilevile tuseme kweli. Mgeni naye ana wajibu. Aliyeambiwa afunge mkanda akaufungua, au aliyevuka uzio kwa ulevi, mahakama itamuuliza habari yake pia. Na mbao nyingi huandikwa, “Unaingia kwa hatari yako mwenyewe.” Ubao huo ni onyo, na onyo ni la kusikilizwa. Lakini usimkatishe mtu tamaa. Ikiwa mwenye mahali hakufanya lililompasa, mahakama itayatazama matendo yake pamoja na maneno ya ubao wake.

MWISHO WA SOMO

Ndugu wasikilizaji, tumetembea kutoka Lupa mpaka London, tukapita New York, tukarudi Tabora. Katika safari yote tumeona jambo moja. Usalama haukuletwa na bahati. Fundi wa gesi alidai, mwanamke wa Paisley alidai, wazazi wa Battersea walililia watoto wao, na kila mara sheria ikasogea hatua moja. Pale watu waliposema tu, “Ajali haina kinga,” wakarudi nyumbani, haikusogea.

Wachimbaji wa Chunya wana maswali matatu juu ya kamba ya shimoni: umri wake, aliyeifunga, na anayeshika breki. Maswali hayo yanafaa pia kuulizwa mbele ya bembea, na mwenye bembea njema hatakasirika kuulizwa. Akikasirika, shukuruni kwamba mmejua mapema, mkawanunulie watoto miwa.

Kwaherini mpaka somo lijalo.

MANENO YA KUKUMBUKA

Mgeni: mtu aliyeingia mahali kwa haki, lakini si mfanyakazi wa pale.
Uangalifu: kufanya lile ambalo mtu mwenye busara angefanya ili asimdhuru mwingine.
Uzembe: kuacha uangalifu uliokupasa.
Fidia: malipo anayopewa aliyedhurika.
Ukomo wa muda: mwisho wa siku za kufungua madai.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mfanyakazi aliyeumia kazini na mgeni aliyeumia uwanjani wanatofautianaje mbele ya sheria?
2. Fundi wa gesi alianguka katika tundu la kiwanda. Maneno “uliyopaswa kuijua” yana maana gani kwa mwenye bembea? Yana maana gani kwa mwenye shimo lililoachwa wazi karibu na njia?
3. Kijana wa Coney Island alikataliwa fidia. Je, mnaona ni haki? Toeni sababu.
4. Mtoto ameumia tarehe 8 Agosti. Andikeni tarehe hiyo pamoja na mwaka huu. Kisha andikeni mwaka ambao miaka 3 itatimia.
5. Katika kijiji chenu, sikukuu ikija, nani atahesabu watu mlangoni? Chagueni mtu, mwandike jina lake ubaoni.